Kujenga Meka ya Miguu Mitatu kwa Vitofali 75

Meka ni mashine kubwa inayotembea kwa miguu, na mwenye kuiendesha ameketi ndani yake. Vijana wengi wa hapa Kampala wamezijua kupitia katuni za Kijapani. Lakini ukifuata ukoo wao nyuma utafika Uingereza, kwenye mashine za miguu mitatu walizopanda Wamirihi, yaani viumbe wa sayari ya Mirihi, katika riwaya ya The War of the Worlds ya H. G. Wells. Hadithi hiyo ilianza kutoka kwa sehemu mwaka 1897 katika jarida la Pearson's Magazine, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1898. Mashine hiyo ndiyo tutakayoijenga hapa: vitofali 75 vya plastiki, vile vya kuchezea vinavyoshikana, urefu wa sentimita 14 hivi, ya kukaa juu ya meza ya kusomea.

Nimeichagua kwa sababu ya miguu yake. Ndani ya kitabu, msimulizi analalamika juu ya mchoraji wa kijitabu kimoja aliyezichora mashine zile zikiwa zimekakamaa, zimeinama upande mmoja, hazina wepesi wala unyumbufu. Anasema kijitabu kile kingekuwa bora kama kisingekuwa na michoro hiyo. Nakubaliana naye kabisa. Mifano mingi ya vitofali ninayoiona ina kosa lilelile: kichwa kimepambwa vizuri, kisha chini yake kuna vijiti vitatu vilivyochomekwa tu. Kwa hiyo hapa tutaanza na miguu, tutakaa sana kwenye miguu, na kichwa kitakuja mwishoni.

Mashine yenyewe inafananaje

Wells anaipa urefu wa karibu futi 100, yaani mita 30. Juu kuna kofia ya rangi ya shaba inayogeuka huku na huku kama kichwa cha mtu anayetazama. Chini ya kofia inaning'inia minyiri ya chuma inayong'aa. Mkono mmoja umeshika kifaa cha kurusha miale ya joto. Mgongoni kuna chombo kikubwa cha chuma cheupe, mfano wa kapu la mvuvi, na baadaye katika hadithi tunajua kwamba humo ndimo wanamotupwa watu waliokamatwa. Viungoni hutoka moshi wa kijani.

Jambo moja linasahaulika sana: Wamirihi wa Wells hawatumii gurudumu. Katika vyombo vyao vyote hakuna hata moja. Basi usitie gurudumu popote, hata lile dogo ambalo lingefaa sana kuwa jicho.

Kabla hujagusa kipande, tafuta picha mbili mtandaoni. Ya kwanza ni michoro ya Alvim Corrêa, Mbrazili aliyechora toleo la Ubelgiji la mwaka 1906. Mashine zake zina uhai wa ajabu. Ya pili ni sanamu ya chuma iliyotengenezwa na Michael Condron, yenye urefu wa mita 7 hivi, iliyosimama tangu 1998 katikati ya mji wa Woking. Wells aliishi katika mji huo, na Wamirihi wake wanatua karibu nao, kwenye uwanda wa Horsell. Angalia hasa magoti: yako wapi, na yamekunjwa kiasi gani.

Kupata vitofali

Boksi jipya la LEGO lililopakiwa rasmi ni ghali, na kwa kazi hii huhitaji. Mimi napendelea mivumba, yaani vitu vilivyokwisha tumika. Katika soko la Owino hapa Kampala, kwenye mafungu ya vitu vya watoto, vitofali huuzwa vimechanganyika na magari yaliyovunjika na wanasesere wasio na nguo, na muuzaji hukadiria bei kwa fungu. Fika asubuhi, robota likiwa limefunguliwa karibuni. Boksi za bei nafuu kutoka China zinazouzwa katika maduka ya mjini nazo zinafaa, kwa sababu watengenezaji wengi hufuata vipimo vilevile vya vitofali ambavyo LEGO ya Denmark iliwekea hataza muundo wake wa kushikana mwaka 1958.

Vipimo hivyo uvikariri, maana vitakusaidia sokoni kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Kutoka kitovu cha kinundu kimoja, yaani kile kitufe cha juu ya kitofali, hadi kitovu cha kinachofuata ni milimita 8. Kimo cha tofali, bila kinundu, ni milimita 9.6. Pleti, yaani kile kipande chembamba chenye vinundu, ni milimita 3.2, kwa hiyo pleti tatu zikibebana zinalingana na tofali moja. Kigae ni kama pleti, ila juu yake ni laini. Ukiona vinundu vikubwa vinavyoachana milimita 16, hivyo ni vya watoto wadogo. Viache.

Jaribio la sokoni ni hili: chukua pleti mbili ndefu, zishikanishe kwa kinundu kimoja tu mwishoni, kisha zitikise. Zikiachana au zikilegea, vipande hivyo vimechoka, na vitakuangusha kwenye kiuno cha mashine. Hata hivyo vinaweza kufaa kwenye kofia, ambako hakuna mzigo.

Nyumbani vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, usizidishe nyuzi 40. Maji ya moto hupinda plastiki. Vumbi jekundu la Kampala hujificha ndani ya mashimo ya chini, na punje moja ya mchanga inatosha kuzuia kipande kukaa sawasawa, hivyo tumia mswaki wa zamani. Vianike kivulini.

Vinavyotakiwa ni hivi:

- pleti 1×2: 9
- pleti 1×3: 2
- pleti 1×4: 12
- pleti 1×6: 1
- pleti 1×8: 3
- pleti 2×3: 2
- pleti 2×6: 1
- pleti za bawaba za kliki 1×2, kidole mwishoni: 18 (9 za kidole kimoja, 9 za vidole viwili)
- pleti za duara 2×2: 3
- pleti za duara 1×1: 2 za kawaida na 3 za kijani zinazopitisha mwanga
- vigae 1×4: 3
- vipande vya mteremko wa mviringo 1×2: 6
- matofali 1×2 yenye mistari ubavuni: 3
- pleti 1×1 zenye kibanio kinachoshika fimbo wima: 3
- koni 1×1: 1
- minyiri: 3

Bawaba ndizo zitakazokusumbua kuzipata. Ni zile ambazo ukizikunja zinatoa mlio mdogo, kli, kli, na kila kliki ni nyuzi 22.5. Zimo kwa wingi kwenye boksi za ndege, roboti na vyombo vya angani. Kuna bawaba nyingine laini zisizo na kliki. Zitashika vizuri unapojenga, kisha baada ya siku mbili mashine itakuwa imepiga magoti.

Kwa minyiri, mipira myembamba ya boksi za roboti inafaa. Ukiikosa, nenda kwa fundi umeme yeyote umwombe mabaki ya waya wa nyumba, ule wenye shaba ngumu ndani. Fimbo ya vitofali ina upenyo wa milimita 3.2, kwa hiyo chagua waya unaokaribia hapo bila kuuzidi, usije ukapasua kibanio. Wapo wajenzi wanaoona ni dhambi kuingiza kitu kisicho kitofali. Mimi nasema mnyiri wa waya unapinda na kubaki ulivyoupinda, na hilo ndilo tunalolitaka.

Kuhusu rangi: miguu na kiuno kijivu, kofia kahawia au dhahabu, kapu jeupe. Usipopata, jenga kwa ulizonazo, ila miguu yote mitatu iwe na rangi moja.

Hatua ya 1: Kiuno

Hapa ndipo penye kazi. Vitofali vimeumbwa kwa mraba, vinapenda nyuzi 90. Miguu mitatu inayogawana duara sawasawa inataka nyuzi 120. Wengi hukata tamaa hapa, wakaweka mguu mmoja nyuma na miwili ubavuni, na mashine ikaanguka kifudifudi.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga matatu yanasimama popote, hata kwenye ardhi yenye mawe, kwa sababu ncha tatu hazina ya nne ya kubaki hewani. Lakini chungu lazima kikae katikati ya pembetatu ya mafiga hayo. Kikisogea nje kidogo, ugali uko majivuni. Kiuno chetu kazi yake ni hiyo tu: kuiweka miguu sawa kulizunguka katikati.

Chukua bikari ya hesabu, chora duara kwenye karatasi. Bila kubadilisha upana wa bikari, tembeza ncha yake juu ya mstari wa duara: utapata alama sita. Ruka moja moja, ubaki na tatu. Unganisha kila moja na katikati. Hizo ndizo nyuzi zako 120. Fanya kazi yote ya kiuno juu ya karatasi hiyo.

Chukua pleti 1×4 sita. Zitakuwa jozi tatu, yaani mihimili A, B na C. Katika kila pleti, kinundu cha kwanza ndicho cha katikati ya mashine, na cha nne ndicho cha nje.

Laza pleti ya kwanza ya A juu ya mstari mmoja wa karatasi, kinundu cha kwanza kikiwa katikati ya duara. Juu ya kinundu hicho bandika mwisho wa pleti ya kwanza ya B, uielekeze kwenye mstari wa pili. Juu ya kinundu cha kwanza cha B bandika pleti ya kwanza ya C kwa mstari wa tatu. Sasa una pleti tatu zilizobebana kwa kinundu kimoja kimoja, zimetawanyika sawa. Zitacheza kidogo. Usijali.

Rudi kwa A. Kwenye vinundu vyake vya tatu na vya nne panga pleti mbili za 1×2, moja juu ya nyingine. Zimefika kimo sawa na mgongo wa C. Bandika pleti ya pili ya A: mwisho wake wa ndani unakaa juu ya kinundu cha katikati cha C, na mwisho wake wa nje unakaa juu ya zile 1×2. Bonyeza kote mpaka usikie imeingia. Fanya vivyo hivyo kwa B: pleti mbili za 1×2 kwenye vinundu vya nje, kisha pleti ya pili juu, ikishika kinundu cha katikati cha A. Malizia kwa C.

Jaribu kukizungusha sasa. Kile kilichokuwa kikicheza kimekuwa kigumu, kwa sababu kila mhimili umeshika katikati mahali pawili, juu na chini, na nje umefungwa. Ni pleti za kawaida kabisa, zile zinazojaa kwenye kila fungu, na zimetoa pembe ambayo vitofali havikuumbiwa. Mbinu hii naipenda kuliko yoyote niijuayo.

Kimebaki kitu kimoja. Mihimili imepishana kimo: B iko pleti moja juu ya A, na C iko pleti mbili juu ya A. Geuza kiuno, na chini ya mwisho wa nje wa B ongeza pleti moja ya 1×2, chini ya C ongeza mbili. Kiweke mezani. Ncha zote tatu zinapaswa kugusa meza pamoja.

Hatua ya 2: Miguu

Kila mguu una paja, muundi na wayo, na viungo vitatu: nyonga, goti na kifundo. Jenga mguu mmoja mpaka uishe, ndipo uige miwili iliyobaki.

Nyonga: chini ya mwisho wa nje wa mhimili, bandika bawaba ya vidole viwili, vidole vikitoka nje ya mhimili.

Paja: panga kwa mstari mmoja bawaba ya kidole kimoja na bawaba ya vidole viwili, migongo ikigusana, vidole vikitazama nje pande zote mbili. Zifunge kwa pleti 1×4 juu. Juu ya pleti hiyo weka kigae, paja liwe laini.

Muundi: bawaba ya kidole kimoja, kisha pleti 1×4, kisha bawaba ya vidole viwili, zote kwa mstari, na pleti 1×8 juu yake kuzifunga.

Wayo: bawaba ya kidole kimoja juu ya pleti ya duara 2×2.

Unganisha kidole na vidole: paja kwenye nyonga, muundi kwenye paja, wayo kwenye muundi. Unapoingiza, bonyeza kwa gumba mpaka kliki ya kwanza isikike. Bawaba ya mivumba isiyotoa kliki, itupe pembeni.

Usigundishe chochote kwa gundi. Gundi ile ya haraka inayouzwa dukani huacha ukungu mweupe kwenye plastiki, na kipande hakifai tena kwa kazi nyingine.

Hatua ya 3: Mkao

Hapa ndipo mashine inapopata roho au kuikosa, na uzuri wake ni kwamba huhitaji kubahatisha. Viungo vyote vinapiga hatua zilezile za nyuzi 22.5, kwa hiyo kila utakavyokunja, kifundo kinaweza kurudishwa mpaka wayo ulale chini sawasawa. Hesabu kliki tu.

Mkao wa kusimama, miguu yote mitatu: anza na paja likiwa limelala mlalo, ulishushe kliki 2. Goti lishushe kliki 1 zaidi. Kifundo kirudishe kliki 3. Paja limeinama nyuzi 45, muundi nyuzi 67.5. Nyonga ziko milimita 95 hivi juu ya vifundo, na kila wayo uko milimita 88 kutoka katikati. Huu ni mkao salama, wa kuiachia mashine kabatini mwezi mzima. Lakini ukiiacha hivyo siku zote, umerudi kwa mchoraji yule aliyelalamikiwa.

Mkao wa kutembea ndio ninaotaka uufike. Miguu miwili ya nyuma: nyonga kliki 1, goti kliki 3, kifundo kliki 4. Miundi yake sasa imesimama wima kabisa. Mguu wa mbele: nyonga kliki 3, kisha goti lipeleke kinyume, kliki 1 kuelekea nje, na kifundo kliki 2. Mguu huo unaonyooka mbele unaonekana umetupwa kwa hatua ndefu, na ile miwili inaonekana inasukuma. Vimo havipotei: ya nyuma ina milimita 87 na robo hivi, ya mbele inakaribia 88, tofauti haifiki milimita moja. Kiuno kinabaki mlalo na nyayo zote zinagusa.

Kuna mkao wa tatu kwa anayetaka mashine inayochungulia chini. Acha miguu miwili ya nyuma kwenye mkao wa kusimama, mguu wa mbele uweke kama ile ya nyuma ya mkao wa kutembea. Mbele inashuka milimita 7 hivi, na kofia inainama kidogo sana, kama nyuzi 4. Kidogo hicho kinatosha kuifanya itishe.

Usijaribu kuinua mguu mmoja hewani. Yenye miguu minne inaweza kuinua mmoja na kubaki na mitatu. Yetu ikiinua mmoja imebaki na miwili, na haina mwendo wa kuishikilia.

Hatua ya 4: Kofia na mgongo

Shingo: katikati ya kiuno, juu ya kinundu cha C, weka pleti mbili za duara 1×1 zikibebana. Mwili mzima utasimama juu ya kinundu hicho kimoja, na kwa sababu hiyo utageuka, kama Wells alivyoandika.

Sakafu: weka 2×3 na 1×3 ubavu kwa ubavu, upate mraba wa 3×3. Juu yake laza 2×6 na 1×6 zikipita kwa kukingama juu ya zile za chini, sakafu iwe na upana wa vinundu 3 na urefu wa 6. Mraba wa chini ukae hivi: kinundu kimoja cha sakafu kibaki wazi mbele, viwili nyuma. Sasa bandika tundu la katikati la mraba juu ya shingo.

Macho: kwenye safu ya mbele kabisa ya sakafu weka pleti tatu za kijani. Nyuma yake jaza kimo kilekile kwa 2×3 na 1×3 zilizobaki, safu tatu. Juu ya hizo safu nne panga vipande sita vya mteremko wa mviringo: vitatu vinashuka mbele, vitatu vinashuka nyuma. Hiyo ndiyo kofia. Mwanga wa dirishani ukipita nyuma yake, macho yanawaka kijani yenyewe bila betri.

Kapu: kwenye safu mbili za nyuma simamisha yale matofali matatu yenye mistari, ubavu kwa ubavu.

Minyiri: chini ya safu ya mbele, sehemu ile iliyo wazi, bandika pleti tatu zenye vibanio, midomo ikitazama mbele. Pitisha waya, urefu wa sentimita 5 hadi 7, usilingane. Ya pembeni ipinde ining'inie ovyo, mmoja uende ndani kati ya miguu, mwingine utoke nje. Wa katikati upinde juu na mbele, na kwenye ncha yake chomeka koni. Hicho ndicho kifaa cha miale.

Hatua ya 5: Kupima uzito

Zungusha kofia duara zima polepole, huku macho yako yakiwa kwenye nyayo. Katika mkao wa kusimama, kutoka katikati mpaka upande wa pembetatu ya nyayo ni milimita 44 tu, nusu ya umbali wa wayo. Uzito ukivuka hapo, wayo mmoja utanyanyuka. Ukinyanyuka kapu likiwa upande fulani, kapu ni zito: toa tofali la katikati. Ukinyanyuka koni ikiwa upande huo, fupisha waya. Katika mkao wa kutembea upande wa nyuma una milimita 35 hivi, kwa hiyo elekeza kofia kwenye mguu wa mbele.

Kiuno kikilegea baada ya wiki, tatizo ni pleti zilizochoka. Badilisha zile sita za mihimili kwa mpya zaidi ulizonazo, hata kama rangi haifanani. Nyayo zikiteleza juu ya meza ya vioo au ya rangi ya mafuta, kata vipande vya tyubu ya baiskeli ukubwa wa sarafu, uvilaze chini yake. Fundi wa baiskeli hatakutoza kitu.

Teksi ya kando ya mguu

Mashine peke yake haina ukubwa. Inahitaji kitu kidogo kando yake ambacho kila mtu anajua kimo chake. Kwa sentimita 14 hivi kuwakilisha mita 30, kipimo chetu ni kama 1 kwa 210, na kwa bahati njema tofali moja linakuwa mita 2: kimo cha mtu mrefu sana. Tofali la duara 1×1 ni mtu.

Wajenzi wa Ulaya huweka kanisa na nyumba za Kiingereza. Mimi naweka teksi ya Kampala, lile basi dogo la abiria la Toyota HiAce. HiAce ina urefu wa karibu mita 4.7, upana wa mita 1.7, na kimo cha mita 2 hivi. Kwa kipimo chetu ni vinundu vitatu kwa kimoja, kimo cha tofali moja. Basi chukua pleti 1×3 nyeupe, juu yake 1×3 ya buluu, juu yake kigae cheupe cha 1×3. Ule mstari wa buluu katikati ya weupe, kila mtu aliyewahi kupanda teksi hapa atautambua kutoka upande wa pili wa chumba. Panga nne au tano zikiwa zimebanana, kama zinavyobanana kwenye kituo cha Old Taxi Park saa kumi na moja jioni, na uache nafasi ya duara moja la 2×2 katikati yake. Wayo wa mbele unakanyaga hapo.

Kuirefusha

Ukitaka mashine ndefu zaidi, badilisha muundi pekee: pleti 1×10 juu badala ya 1×8, na chini, kati ya bawaba mbili, 1×6 badala ya 1×4. Katika mkao wa kusimama itapanda milimita 15 hivi, na nyayo zitasogea nje kidogo, kwa hiyo uthabiti haupungui. Lakini hesabu ya kliki ya mkao wa kutembea haitalingana tena: miundi iliyosimama wima inashuka kuliko ule ulionyooka, na mashine itaelemea mbele kwa milimita 4 na zaidi. Utairekebisha kwa kuongeza pleti moja ya duara 2×2 chini ya wayo wa mbele.